Uzi wa Mama kwenye Barakoa ya Bundi

Evaristo aliweka kibiringo cha uzi mkongwe wa pamba, ulioachwa na mama yao, juu ya cherehani ya dada yake. "Barakoa yangu ya Bundi uishone yote kwa uzi wa mama."

Tomasa alikuwa fundi wa barakoa za wanamieleka pale mjini Torreón, Meksiko, na ubishi wa mdogo wake aliujua. "Kitambaa hiki kinavutika, pamba haivutiki. Wakiivuta mara moja tu, mshono wote unafumuka."

"Uzi wa mama haukatiki."

"Haya," alisema Tomasa. Sikio la kufa halisikii dawa, na yeye alikwishachoka kulitibu.

Evaristo alipoondoka, Tomasa aliweka sindano ya ncha butu, ile inayopita kati ya nyuzi za kitambaa bila kuzikata. Akatunga uzi wa poliesta, akashona kwa zigizaga ili mshono unyumbuke. Uzi wa mama akaushonea nyusi za rangi ya fedha tu, ambazo ni pambo. Kisha akamkabidhi Evaristo barakoa, akaapa kuwa yote ni uzi wa mama.

Jumapili kulikuwa na pambano la barakoa kwa barakoa, Bundi dhidi ya Kipanga. Atakayeshindwa angevuliwa mbele ya watu, ataje jina alilopewa na wazazi wake, na Bundi au Kipanga angekuwa amekwisha milele. Tomasa alikaa mstari wa mbele, karanga zikimlowa mkononi.

"Mnyonyoe manyoya huyo Bundi!" bibi mmoja alifoka nyuma yake. "Leo atalala kama kuku!"

Kipanga alipenyeza vidole juu ya jicho la Bundi, akavuta. Unyusi mmoja ukang'oka, ukaanguka ulingoni na kipande cha uzi mweupe wa mama.

Evaristo aliuona. Mara akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akajikunyata kwenye kamba. Kipanga akampiga mbavuni, akampiga tena, naye hakuinua hata mkono mmoja. Hapo Tomasa akaelewa. Mdogo wake aliamini uzi wote ni wa mama, kwa hiyo alidhani barakoa nzima inafumuka. Aliyekuwa akimmaliza si Kipanga, ni ule uongo wa dada yake.

Akakimbilia kamba. Jina la Evaristo lilimfika kooni, akalimeza; kulitaja mle ukumbini kungekuwa kumvua barakoa kwa mdomo.

"Bundi! Toa mikono! Ni nyusi tu! Kwingine kote ni uzi wangu!"

Macho yalimtazama kupitia vidole, yamejaa hasira. Kisha mikono ikashuka.

Kipanga aliikamata barakoa kisogoni, akavuta kwa nguvu zake zote. Mshono ukanyumbuka, Tomasa akafumba macho. Alipoyafumbua, mshono ulikuwa umerudi mahali pake na Kipanga yuko chini ya Bundi, mabega yote mawili sakafuni, refa akimaliza kuhesabu tatu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Evaristo hakuvua barakoa.

"Uliapa, Tomasa."

"Niliapa."

Tomasa akaanza kulia. Ndipo Evaristo akamwekea ule unyusi kiganjani.

"Ushone tena," alisema. "Kwa uzi wako."