Sindano Ilisogea Saa Sita

Mwaka ule wa 1980 setilaiti ilikuwa ikizunguka dunia, ikipima nguvu ya sumaku yake kutoka juu. Cirhuza aliipima nguvu hiyohiyo huku chini, kilimani juu ya Bukavu, ndani ya kibanda cha mbao kisicho na hata musumari mumoja wa chuma. Kila saa alisoma sindano ya chombo chake na kuandika namba, ili wakubwa wake wa kituo cha utafiti cha Lwiro wazilinganishe na zile za angani. Kabla ya kuingia alivua mukaba, akaacha funguo mbali kwenye majani, maana chuma kinasogeza sindano.

Siku moja barua ikafika kutoka Lwiro. Kila saa sita ya mchana sindano yake ilisogea, na setilaiti haikuona kitu. Atafute sababu, ao kibanda kitafungwa.

Cirhuza alipekua majani yote. Alibadilisha hata viatu. Siku ya tatu, saa sita, akiangalia sindano inavyosogea, alisikia mtu anaimba polepole nyuma ya ukuta. Akatoka.

Alikuwa Emérence, muke wake, amekaa chini na chakula mapajani kama kila siku. Jembe lake ameliegemeza kwenye mbao, palepale chombo kilipo kwa ndani.

Tangu binti yao wa mwisho, Noëlla, aolewe kule Nyangezi, nyumba ilikuwa kimya. Emérence hakupenda kula peke yake. Kila mchana akitoka shambani alipanda kilima, wakala pamoja.

Siku ile na kesho yake Cirhuza alikula bugali naye, akaficha habari ya jembe.

"Mama Noëlla," alisema mwishowe, "jembe yako njo inasumbua sindano."

"Miezi yote hii?"

"Yote. Nimejua juzi tu. Niliogopa utaacha kuja."

Emérence aliinuka, akaondoa jembe kwenye ukuta.

"Jembe itabakia kwa shamba," akasema. "Miye nitakuja."

Cirhuza aliandikia Lwiro ukweli wote, huku akiwaza kwamba kazi imekwisha. Baada ya wiki mbili mkubwa wake alijibu: aorodheshe tu saa ambazo muke wake alikuja, namba hizo ziondolewe. Zingine zote ni safi, kibanda kinabakia, na madame asalimiwe.

Alimusomea Emérence barua pale nje.

"Wanasema miye?"

"Weye."

"Soma tena pale pa salamu."

Akasoma tena, polepole zaidi.