Kilo Zilizohamia kwa Jirani

Shahada yangu ya uendelevu wa jamii na mazingira ilikuwa imebakiza kitu kimoja tu: takataka za mama yangu. Utafiti ukipita, nahitimu. Usipopita, narudia mwaka mzima, na ada yangu yote ilitoka kwenye cherehani moja ya mama, iliyochoka kuliko mwenyewe.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi. Nyumba mbili, siku thelathini. Ya kwanza ni yetu, ambayo ningeifundisha kupunguza taka. Ya pili ni ya jirani yetu msusi, ambayo nisingeifundisha chochote, ili nipate kulinganisha. Kila Jumamosi nilipima gunia la kila nyumba. Mama nilimbandikia ukutani, juu ya cherehani, karatasi yenye neno moja kubwa: PUNGUZA. Kisha nikamhutubia nusu saa. Aliitikia kwa kichwa, midomo imebana pini.

Wiki ya kwanza gunia letu lilikuwa kilo tisa. Ya pili, nne. Ya nne lilikuwa na maganda ya vitunguu na bahasha moja. Basi nikavimba kichwa. Chuoni nikawa natembea kama mtu anayesubiri kuombwa ushauri na serikali. Gunia la msusi lilikuwa linanenepa kila wiki, lakini hilo halikunisumbua. Niliona ndiyo hasara ya kutosoma, nikaiandika kwenye ripoti kwa maneno ya kiungwana.

Msimamizi wangu, mwalimu mmoja mzee ambaye upole wake umefelisha watu wengi, alizisoma tarakimu akasema, "Hongera. Kesho nakuja kuona mwenyewe."

Alipofika, mama alitoka na gauni jipya, la zambarau lenye madoa ya manjano, alilolishona kwa ajili ya ugeni huo. Msusi naye alikuja, akakaa ubavuni mwa mama. Mwalimu alikunywa maji, akaisifu nyumba, kisha akaomba magunia yaletwe uani. La kwetu alilichungulia tu. La msusi akalifungua, akaingiza mkono.

Kwanza zilitoka nywele za bandia. Kisha vipande vya kitambaa cha sare za shule. Kisha kipande cha zambarau chenye madoa ya manjano.

Mwalimu akakitazama kipande. Akalitazama gauni. Akakitazama kipande tena. Mama akaweka mikono mapajani, kana kwamba viganja viwili vingetosha kulifunika gauni zima.

"Mama mdogo," nikamwuliza msusi, "umeanza kushona?"

"Mimi? Hata kifungo kinanishinda."

Za mwizi ni arobaini, lakini za mama hazikufika huko.

"Si ulisema zipungue?" Mama alinigeukia kwa ukali wa mtu aliyefumaniwa. "Zimepungua!"

"Zimehamia kwa jirani, mama!"

"Kwani jirani alikatazwa na nani? Karatasi ulibandika kwangu tu."

"Nilizipokea kwa hiari yangu, mwalimu," msusi akadakia. "Mtoto ni wetu sote, tulitaka afaulu. Mimi si mwanafunzi. Nikifeli, nitafukuzwa wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mwaka wangu ulikuwa umekwenda na maji, tena mbele ya macho yangu. Mwalimu, kumbe, alikuwa anacheka mpaka akavua miwani.

"Hata viwanda vikubwa hufanya hivyo, mama," alisema. "Ila vyenyewe havivai ushahidi." Kisha akauliza taratibu, "Hivi vipande, zamani ulikuwa unavifanyia nini?"

"Mazulia, mwalimu. Na mito. Nyumba nzima ilikuwa viraka. Sikuwa natupa hata uzi."

"Ukaacha kwa nini?"

Mama alinitupia jicho, akainama. "Aah, basi tu. Yameshapita."

Nilikuwa mwaka wa kwanza. Wenzangu wa chuo walikuwa wanakuja kunitembelea, nami nikamwambia aviondoe viraka vyake, vinatuaibisha. Aliviondoa siku ile ile, na hakushona vingine tena. Zile kilo tisa nilizokuja kumfundisha kuzipunguza, nilizianzisha mimi.

"Ni mimi," nikasema. Nilisikia aibu mpaka masikioni. "Mimi ndiye niliyemkataza."

Mwalimu alinirudishia ripoti yangu. "Basi anzia hapo. Andika upya yote, na hili usilifiche. Nakupa miezi miwili."

"Kwa hiyo amefaulu?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Mbona unamwonea?" Mama alisimama, madoa ya manjano yakatetemeka. "Alikuwa mtoto, hakujua! Halafu mwalimu, tuseme ukweli, vile viraka vyenyewe havikuwa vizuri kihivyo."

Hapo ndipo nilipoangua kilio, kwa sababu vilikuwa vizuri sana.