Sinia la Bwana Mansour

Nassra alikwenda Makunduchi kupamba bibi harusi, na aliporudi Kiponda alikuta mtaa mzima unatafuna halua. Watoto midomo inang'aa samli. Mwanapili, jirani wa mlango wa pili, alikuwa kajikalia barazani anajiramba vidole, na alipomwona Nassra anakata kona na begi lake la hina na wanja, alipiga kigelegele kirefu hadi paka wakatawanyika.

"Hongera, mwenye nyumba! Umetuficha wee, kumbe ndani mna bibi harusi!"

"Bibi harusi gani, Mwanapili?"

"Si mgeni wako huyo wa Sudan! Sinia limekuja jana baada ya laasiri, limetoka kwa Bwana Mansour. Bi Zeyana kalitangulia mwenyewe, na wanawake wa jumuiya yenu nyuma yake. Nami nshakula sehemu yangu, Mungu awape kheri."

Nassra alimpita akaingia ndani bila hata kutua begi.

Mgeni mwenyewe ni Ulfat, mwanamke wa Omdurman aliyekimbia vita pamoja na mama yake mzee. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu waletwe nyumbani kwa Nassra wakapewa chumba cha chini. Waliowaleta ni Jumuiya ya Mkono wa Heri, chama cha akina mama wa Mjini ambacho Nassra naye alikuwa mwanachama na Bi Zeyana ndiye mwenyekiti. Jumuiya ndiyo iliyomdhamini Ulfat kwenye kibali cha kukaa nchini. Jumuiya ndiyo iliyomwahidi chumba cha duka kule Hurumzi, auze udi na manukato kama alivyokuwa akifanya kwao, aache kula cha kupewa. Na chumba chenyewe ni mali ya Bwana Mansour, mwenye hoteli Kendwa, mlezi wa jumuiya. Kila kilichomhusu Ulfat, ukikifuatilia vizuri, kiliishia mkononi mwa Bwana Mansour.

Mumewe Ulfat, Ayoub, alibaki nyuma kutafuta njia ya kutoka. Alipiga simu mara ya mwisho siku chache kabla mkewe hajapanda ndege, kisha kimya. Hakuna aliyejua yu hai au kafa, na Ulfat kila alfajiri alimwombea dua ya mtu aliye hai.

Nassra alimkuta chumbani anakunja doti mpya za kanga. Mbele yake lilikuwa sinia la shaba, na juu yake chupa ya marashi, kikopo cha udi na vikuba, vishada vya asumini, vilivyoanza kunyauka. Mahali pa halua palikuwa patupu, pamebaki mafuta.

"Shikamoo, Bi Nassra."

"Marahaba. Vitu hivi kaleta nani?"

"Jumuiya. Walisema zawadi, mimi nikasema shukran. Wakasema gawia majirani, nikagawa." Ulfat alitabasamu. Kiswahili chake alikiokota mwaka ule ule, na alikuwa akijivunia. "Safari hii hakuna mchele kama kila mwezi. Nzuri sana."

Nassra alikaa kitako sakafuni. Hapa Mjini, mwanamume hampelekei mwanamke asiye wake halua, udi na vikuba vya asumini katika sinia moja kwa sababu ana njaa. Mwenye njaa hupelekewa mchele na mafuta ya kupikia. Sinia kama lile ni swali. Mwanamke asipotaka hulirudisha na kawa lake juu halijafunuliwa, na hapo hakuna aliyetukanwa, kila mtu anakwenda zake. Akilifunua, na halua ikaliwa mtaani, basi keshajibu. Hata mtoto wa Kiponda anayajua hayo. Bi Zeyana anayajua kuliko wote, maana mabinti zake wanne wote wametoka kwa masinia. Na alijua vile vile kuwa Msudani hayajui, na kwamba Nassra, ambaye angemwambia, yuko Makunduchi. Walisubiri mwenye nyumba atoke, kama wezi.

Alimweleza polepole. Kiswahili kilipogoma alichanganya na Kiarabu chake cha chuo cha Kurani, mpaka akauona uso wa Ulfat unabadilika.

"Mimi nina mume," alisema Ulfat.

"Najua, mwanangu."

"Wao wanajua?"

"Wanajua."

Ulfat aliinuka akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Akarudi, akainusa, akaenda kuinawa tena.

Usiku ule Nassra aliwakumbuka wanachama wenzake mmoja mmoja, na kila mmoja alimtia kinyaa kwa namna yake. Akakumbuka mchele wa kila mwezi. Gunia likifika, Ulfat husimamishwa ukutani alikumbatie, Bi Zeyana ashike ncha moja, wapigwe picha. Mara ya kwanza Ulfat alicheka kwa furaha, wakaipiga upya. "Usicheke, mama, wafadhili watasema huna shida." Nassra alikuwepo siku hiyo na aliona vibaya, lakini alijiambia ndivyo mambo ya misaada yalivyo, mchele ukishaliwa picha haimdhuru mtu.

Kesho yake alikwenda Darajani kwa muuza halua, akanunua halua ile ile, ya samli safi na lozi juu. Akavipanga vitu vyote kwenye sinia kama vilivyokuja, vikuba akafunga vipya, akafunika kawa. Ulfat alitaka kulibeba yeye.

"Wewe kaa na mama yako," alisema Nassra. "Ukilipeleka wewe watakutukana. Mimi watanitukana nini ambacho sijakisikia?"

Baada ya laasiri, saa ile ile lilipokuja, alilitia sinia kichwani akatoka nalo Kiponda hadi Vuga, mchana kweupe, kupitia kwenye maduka na kwenye baraza zote zenye watu. Wenye midomo walinyamaza. Mwanapili alifunga dirisha.

Ukumbini kwa Bi Zeyana jumuiya ilikuwa kikaoni. Kikao chenyewe ni sambusa, kachori na maneno ya watu. Bwana Mansour naye alikuwepo, kajinyoosha kwenye kochi, kanzu haina hata kunjo moja, kofia ya viua, na manukato aliyojimwagia yalikuwa mengi mpaka sambusa zilinukia yeye. Nassra aliliweka sinia miguuni pake.

"Ah, Bi Nassra," alisema Bwana Mansour kwa ile sauti yake ya asali. "Umejisumbua bure. Mimi sina uchu wa mke, bibi, wawili wananitosha. Lakini mwanamke mgeni, peke yake, katika mji huu, ataharibika. Nataka kumsitiri tu. Natafuta thawabu."

"Na mumewe?"

"Mume gani?" Bi Zeyana alidakia, kachori mkononi. "Mtu mwaka mzima hajapiga simu, huyo keshaoza. Tushamuuliza ustadhi mmoja, kasema mambo yanatengenezeka."

"Ustadhi mlimuuliza. Yeye mwenyewe mlimuuliza?"

"Khaa! Mkimbizi aulizwe? Ana nini cha kuchagua? Wangapi hapa Mjini, wana kwao na wazee wao, wanalililia sinia la Bwana Mansour!"

Wanawake walicheka. Wengine walicheka wakiangalia chini, lakini walicheka. Bwana Mansour naye alicheka, akajifuta midomo kwa leso.

"Nikwambie kweli, Bi Nassra? Ile picha ya mchele ndiyo iliyonigusa. Mlivyonitumia tu, nikamwona kakumbatia gunia, kainamisha macho, nikasema huyu ndiye. Hapo hata sura sijaiona vizuri."

Zile picha zote, mwezi hadi mwezi! Nassra alidhani zinakwenda kwa wafadhili, kumbe mtu alikuwa amejilaza Kendwa anazifungua na kuchagua, kama anayechagua papai sokoni. Alitamani kutapika pale pale, juu ya busati la Bi Zeyana, na hadi leo anajuta kwamba hakutapika.

"Sinia hili liliingia kwangu mimi sipo," alisema. "Nyumba ile haina mwanamume, mkubwa wake ni mimi, na mimi sikupokea. Halua yako hiyo, kawa lake juu. Posa hakuna."

Bwana Mansour alitazama saa yake. Hakuonyesha kukasirika hata kidogo, alikuwa kama mtu aliyeambiwa kuwa samaki wamekwisha, na hilo nalo lilimkirihi Nassra. Aliyekasirika ni Bi Zeyana.

"Vizuri. Chumba cha Hurumzi asahau. Na kibali chake kinaisha mwezi wa kumi, na barua ya udhamini ni yetu. Tutaona utaibeba vipi hiyo kichwani."

Nassra alitoka bila kuaga na kwenye jumuiya hakurudi tena. Alihangaika huku na huko kuuliza kama anaweza kumdhamini Ulfat yeye mwenyewe, na kila alipofika aliambiwa arudi na jumuiya iliyoanzisha jambo. Basi akafanya lililokuwa mkononi mwake. Alihamisha makochi ya ukumbi wake, akaweka meza na chetezo cha kufukizia udi, akamwambia Ulfat, "Anza kazi hapa."

Na Ulfat alianza. Aliloweka vipande vya msandali katika sukari na mafuta ya manukato, akavifukizia, akachanganya manukato mazito ya kwao ambayo mwanamke akijipaka leo, kesho kutwa bado shuka zinanukia. Nassra alimpeleka kwa mabibi harusi wake. Mabibi harusi walisema kwa dada zao, dada kwa mashoga zao, na kabla ya miezi mingi ukumbi ulikuwa unapokea watu kutoka Fumba na Bububu. Mwanapili, aliyezunguka mtaa mzima akisema Msudani kala halua ya watu na mume hataki, alikuja kununua kikopo akaomba apunguziwe. Hajja, mama yake Ulfat, ambaye tangu aje alikuwa akilala uso ukutani, alianza kukaa mlangoni kuwaambia wateja wavue viatu. Mchele wa jumuiya ulikatika na hakuna aliyeuulizia.

Mwezi wa tisa, asubuhi, Nassra alisikia kelele za watu wengi nje. Alipochungulia alimwona Bi Zeyana kavaa buibui jipya, nyuma yake wanawake wa jumuiya, Bwana Mansour na kofia yake ya viua, mpiga picha, na wafadhili wanne, wazungu, jasho linawatoka. Walikuwa wameleta bango lenye jina la jumuiya, na wawili walishaanza kulifunga juu ya mlango wa Nassra bila hodi.

"Karibuni, karibuni," Bi Zeyana alikuwa akisema, kana kwamba mlango ni wake. "Huyu ndiye Ulfat wetu. Alikuja hana kitu. Tumemshika mkono mpaka leo ana biashara yake. Duka hili ni matunda ya mlezi wetu, Bwana Mansour."

Bwana Mansour aliinamisha kichwa na kuweka mkono kifuani. Wazungu walipiga makofi. Nassra alisimama kwenye daka la mlango, akashindwa kuamini kwamba uso wa binadamu unaweza kukauka kiasi kile. Meza ni yake, ukumbi ni wake, mikono ni ya Ulfat, na watu hawa wamekuja kuvijambia na kuviita marashi. Lakini alingoja, maana mzungu mmoja, mama wa makamo, alikuwa amemgeukia Ulfat mwenyewe na kumwuliza kwa Kiingereza, jumuiya ilimsaidia vipi.

Haya, sasa, Nassra alijisemea. Sasa watalipata. Ulfat alisoma chuo kikuu kwao, Kiingereza anakijua kuliko wote waliokuwepo. Mwambie habari ya mchele. Mwambie habari ya sinia. Bi Zeyana naye aliacha kutabasamu, akamtazama Ulfat bila kupepesa, akagusa polepole mkoba wake uliojaa makaratasi.

Ulfat alisema, kwa Kiingereza rahisi ambacho hata Nassra alikielewa, "Wamenisaidia sana. Bila wao nisingefika hapa. Nawashukuru, hasa Bwana Mansour."

Akapigwa picha. Akapigwa nyingine Bwana Mansour akiwa kando yake, karibu mno, na hakusogea.

Nassra alimvuta jikoni akafunga mlango.

"Umesema nini wewe? Nilikuwa nangojea uwaseme! Nimebeba sinia kichwani mji mzima unanitazama, leo wewe unamshukuru yule? Huoni hata kinyaa?"

Ulfat alikuwa akinawa mikono kwenye ndoo. Hakuinua macho.

"Waliovunja mlango wangu Omdurman walichukua kila kitu, Bi Nassra, lakini hawakutaka niwashukuru. Hawa wanataka. Nimewapa, ili wanipe barua." Alichukua taulo. "Kinyaa nnacho kuliko wewe. Lakini wewe ukikasirika unarudi nyumbani kwako. Mimi nikikasirika, nirudi wapi?"

Nassra aliichukua ndoo akamwaga maji.

Ukumbini Bi Zeyana alikuwa akiita, kwa sauti ya mtu anayemwita mtumishi, "Ulfat! We Ulfat! Picha moja ya mwisho!"

Ulfat alijifuta mikono, akaitika "Naam," akatoka.