Stara na Paswedi ya Kiwandani

Mwaka 2009, Stara Halfani alikuwa mchapaji wa mitihani katika shule moja binafsi ya sekondari mjini Dodoma. Alizaliwa Kondoa, akakulia dukani kwa baba yake, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja bila kuonywa hata mara moja. Mwaka huo chumba cha uchapaji kilikuwa kinaezekwa upya, basi mkuu wa shule, Mwalimu Gaudence, akamwagiza achapie nyumbani mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Nyumbani kwake Mkonze alikuwa na kompyuta mbili, na intaneti aliyofungiwa na kampuni moja mpya ya simu.

Jumatatu ya mtihani, msimamizi alimnyang'anya mtahiniwa karatasi yenye maswali yote ya baiolojia. Kwenye karatasi hiyo, swali la saba lilikuwa na kosa la herufi ambalo Stara alilisahihisha kabla ya kukabidhi kazi. Kwa hiyo maswali hayakuvujia shuleni. Yalitoka kwenye nakala ya kwanza, na nakala hiyo ilikuwa nyumbani kwake tu.

Mwalimu Gaudence alimwita ofisini mbele ya makamu wake, Mwalimu Seleman. Alimwekea karatasi na kalamu, akamtaka aandike kwamba ameuuza mtihani. Akifanya hivyo ataondoka kimya kimya, bila polisi. Seleman aliinamisha macho.

"Mkuu, jambo sikulifanya, siwezi kuliandika," Stara alisema. "Kama kuna kikao, nitakuja kusema kwenye kikao."

Kikao cha bodi kikapangwa Alhamisi.

Mdogo wake, Lulu, alimsihi asaini yaishe, maana mtaa mzima ulikwisha kusikia. Stara alikataa. Alijua hakumpa mtu yeyote mtihani ule, wala hakuna aliyeingia chumbani kwake. Basi umetokaje? Akaanza kukikagua kila kitu kilichogusana na kompyuta zake, mpaka akafika kwenye rauta, kile kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya kabati. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa bado ndani ya nailoni. Akakaa nacho mchana kutwa wa Jumanne.

Ukurasa wa nne ulisema kwamba rauta zote hutoka kiwandani na paswedi moja ya kufungulia mipangilio yake, na kwamba mwenye nayo aibadilishe siku ile ile ya kwanza. Stara alimkumbuka Castory, fundi wa kampuni aliyemfungia. Siku ile alimwuliza kama paswedi ya kuingilia intaneti, ya moja mpaka nane, inatosha, naye akamwambia ndiyo anayowawekea wateja wote, na huko ndani ya mipangilio asiguse, ataharibu.

Akaingia huko huko. Jina, admin. Paswedi, admin. Ukurasa ukafunguka, na humo akakuta orodha ya kompyuta zilizowahi kuunganishwa. Zilikuwa tatu. Yeye alikuwa na mbili. Na lile faili la mitihani alikuwa ameliacha wazi ili kompyuta zake zisomane. Aliyeingia kwenye intaneti yake alilisoma bila kuvuka kizingiti. Stara akauchapa ukurasa ule, akabadilisha paswedi zote mbili.

Alhamisi, mwenyekiti wa bodi alikuwa Bi Paskazia, hakimu mstaafu. Mwalimu Gaudence alikuwa amemwalika Castory, ambaye alieleza kwa kirefu kwamba vifaa vya kampuni ni salama, na penye tatizo huwa ni mteja. Stara alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mezani ule ukurasa wenye kompyuta tatu, akafungua kompyuta yake, akaelekeza kidole ukutani, ilipotundikwa rauta ya shule.

"Hiyo pia umeifunga wewe?" alimwuliza.

Castory alikubali.

Mwalimu Gaudence alisema hapa si darasa la kompyuta. Bi Paskazia akasema mama aachwe aonyeshe. Stara akaandika moja mpaka nane, akaingia. Akaandika admin mara mbili, na mipangilio yote ikawa mbele yake. Akaigeuza kompyuta ili wote waone. Mafaili ya ofisi yalikuwa wazi, kama yalivyokuwa ya kwake, na moja lilikuwa na jina lake. Akalifungua, akalisoma kimya, kisha akasimama.

"Barua hii inasema kikao kimenisikiliza na kimeridhika kwamba nina hatia," alisema. "Imeandikwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na ndiyo kwanza naanza kusema."

Bi Paskazia alimwuliza Mwalimu Gaudence kama barua ni yake. Akajibu kwamba ilikuwa rasimu tu. Hakuna aliyemtetea, hata Castory alikuwa akikusanya karatasi zake.

Wiki ile ile Mwalimu Seleman alikaa na yule mtahiniwa, naye akaeleza kwamba maswali aliyapata kwenye masomo ya ziada, kwa mwalimu mmoja aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwa Stara. Mpangaji alikwisha kuhama. Mtihani ukatungwa upya, barua ikafutwa. Mwalimu Gaudence alimletea Stara muhtasari wa kikao uliosema kulitokea kutoelewana, akamwomba asaini. Stara aliurudisha bila saini.

"Andika mlichonifanyia, Mkuu, nami nitasaini."

Uliletwa mara tatu, na mara zote akaurudisha. Wa nne ulikuwa na maelezo yote, pamoja na tarehe ya barua, na huo akausaini.

Hakuishia hapo. Aliandika hatua za kubadilisha paswedi kwa Kiswahili, akaanza kuzipeleka kwa majirani waliofungiwa na Castory. Kampuni ikampigia simu: mkataba unamkataza mteja kugusa mipangilio, achilia mbali kuwafundisha wengine, na akiendelea watamkatia huduma.

"Kateni," alisema. "Karatasi zangu hazihitaji intaneti."

Walimkatia Ijumaa. Jumamosi asubuhi alivaa ushungi wake, akachukua karatasi zake, akabisha hodi kwa Damas, jirani wa mtaa wa juu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza nyumba sita.