Jani la Opoka

Fabiano Opoka alikuwa mtu mzito, na jambo hilo lisemwe kwa heshima zote anazostahili. Alipopanda Landrova ya idara ya mifugo, upande wa dereva ulishuka kama mtu aliyepokea habari za msiba, na gari likaenda Karamoja na kurudi limeinamia kulia. Lilikuwa gari la kazi ngumu, limenyanyuliwa juu kwa springi ndefu ili livuke mito, lakini mbele ya Opoka urefu huo haukufua dafu.

Aliyelinyanyua ni Odoch, fundi mwenye gereji ya Kansanga iliyotengeneza magari ya idara. Opoka alikuwa amemwoa Alanyo, mdogo wake Odoch, na tangu siku ya harusi mashemeji hao hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana. Mwaka 1970 Odoch aliamua kuiondolea familia aibu. Alikata jani moja la ziada la chuma, akalifunga kwenye springi ya mbele ya kulia peke yake. Gari likiwa tupu, lilipandisha bega la kulia na kulala kushoto; Opoka akishakaa kwenye usukani, lilinyooka kama askari kwenye gwaride. Kabla ya kufungwa, jani lilibatizwa kwa oili chafu. Odoch alihubiri, Alanyo alishika kopo, Opoka akaitikia amina kwa sauti ya askofu, na mtoto akaitwa Fabiano Mdogo. Odoch akamgongea herufi F na M kwa patasi, asije akapotea.

Sasa ulikuwa mwaka 1973, wanajeshi wakiwa wameshika nchi, na aliyepotea ni Fabiano Mkubwa. Alitoka nyumbani Ijumaa asubuhi kwenda kazini, wiki ya tatu ikaisha hajarudi. Ofisini, Nakasero, Alanyo alielezwa kwa upole mwingi kwamba mumewe ametumwa kaskazini na gari lake, na kwamba vitarudi pamoja, mtu na gari. Alanyo alilikumbatia neno hilo. Kila mchana alipakua sahani ya Opoka, akaifunika, akaiweka mezani. Jioni kuku wakala vizuri kuliko kuku wote wa Kansanga. Odoch, ambaye hakuwahi kuona kitu akaacha kukitania, aliipita sahani ile kimya. Naye alikuwa amejiambia vivyo hivyo: gari likirudi, shemeji amerudi.

Gari likarudi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Odoch aliutambua mlio wake kutoka barabarani, akatupa spana, akatoka mbio huku akipanga tusi la kumkaribisha mgeni, tusi refu lililoiva wiki tatu.

Landrova ikaingia getini imelala kushoto.

Tusi likamfia mdomoni. Alijua kwamba Opoka hayumo kabla mlango haujafunguliwa.

Aliyeshuka ni askari kijana, mwembamba kama fimbo ya bendera, aliyekuwa amekalia blanketi lililokunjwa ili aone barabara. Alijitaja kuwa ni Kamis.

"Gari hii iko nalala mbele, fundi," akasema. "Kushoto. Springi imechoka. Mkubwa wangu anataka isimame sawa leo."

Odoch akaingia uvunguni. Huko chini aliomba ombi ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliomba: akute chuma kimevunjika, gari liwe limelala kwa ubovu tu, si kwa kukosa mtu. Alipapasa jani baada ya jani. Springi ya kushoto ilikuwa nzima, na ile ya kulia pia, na F na M zilikuwa pale pale. Akatoka, akamwomba Kamis arudi kwenye kiti, akampakatisha kichwa cha injini ya lori. Gari likanyooka.

Kamis alicheka chini ya mzigo wake. "Dereva ya zamani ilikuwa tembo?"

"Alikuwa shemeji yangu, afande."

Kicheko kikakatika. Kamis alikitazama kile chuma mapajani mwake.

"Mimi nilipewa funguo tu, mzee wangu," akasema polepole. "Kiti ilikuwa bado na maji. Walikuwa wameosha." Kisha akamwonya Odoch asiende kuuliza mahali pengine.

Odoch akamtua Kamis mzigo, akamshusha, akapiga jeki. Alilegeza bolti alizozikaza mwenyewe, akalichomoa jani, akafunga tena, akashusha jeki. Gari likasimama sawasawa, bila mtu ndani. Kamis akashukuru na kuondoka nalo.

Mchana Odoch alikwenda kwa dada yake, jani limefungwa ndani ya gunia. Njiani alikuwa ametunga uongo mzuri: safari imeongezwa siku. Alipoiona sahani iliyofunikwa, uongo ukamtoka kichwani, akaliweka gunia mezani na kulifunua.

Alanyo alizifuta zile herufi kwa kidole gumba.

"Gari limekuja," akasema.

"Limekuja."

"Jani umelitoa wewe, kaka?"

"Nimelitoa mimi."

"Na sasa gari linasimama sawa?"

"Sawa kabisa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu. Kisha akaifunua sahani, akaisukuma mbele ya kaka yake, akamwambia ale kabla haijapoa.

Kilikuwa kilima cha kalo, ule ugali wa wimbi, na mboga ya ufuta, kwa kipimo cha Opoka, kile kile ambacho Odoch alikuwa amekicheka miaka yote. Akanawa mikono. Alanyo akaketi kumtazama, mkono juu ya lile jani, na Odoch akala mpaka sahani ikawa tupu.