Meza ya Dirishani

Kadi zetu ni nyeusi, za chuma, na haziombwi. Benki ndiyo humwalika mtu. Mwenye nayo hupiga simu kwenye dawati letu, nasi humtafutia anachotaka: chumba katika hoteli iliyojaa, daktari siku ya mapumziko, mara moja hata kasuku. Neno "hapana" tumekatazwa. Tunasema, "Nipe dakika kumi."

Nilikuwa nakaribia kuthibitishwa kazini. Jumatano hiyo asubuhi msimamizi wetu, tuliyemwita Bi Dakika kwa jinsi alivyopima kila simu, aliniwekea karatasi mezani.

"Huyu mhandisi mwenye kadi amefariki. Mkewe anatumia kadi ya nyongeza iliyo chini ya ile, kwa hiyo zote zinafungwa leo. Mpigie, mpe pole, mwambie azirudishe."

"Na meza yao ya Alhamisi?"

Kwa miaka kumi na moja dawati lilikuwa likiwawekea meza ya watu wawili, dirishani, hoteli ile ile, saa saba mchana.

"Ifute."

Nilimpigia mjane. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kadi chukueni, mwanangu. Hata mkasi hauikati. Nilijaribu siku niliyomkasirikia mzee." Akacheka kidogo. "Ila Alhamisi ndiyo kesho. Bila kadi ile meza nitaipataje? Pale ndipo tulipokuwa tunaongea. Nyumbani tulikuwa tunaulizana tu funguo ziko wapi."

"Nipe dakika kumi, mama."

Nikapiga hotelini, nikaifuta meza kama nilivyoagizwa. Kisha nikauliza mtu asiye na kadi huipataje.

"Si anapiga simu tu?" dada wa mapokezi alishangaa. "Alhamisi mchana hapa tunafukuza nzi, kaka."

Nikakata simu. Miaka yote hiyo wala mume wala mke hakuwahi kupiga mwenyewe, na sisi hatukuwaambia. Mwongozo wetu unakataza kumwelekeza mteja apate nje ya dawati kile tunachompatia sisi. Tena simu zetu hurekodiwa.

Nikampigia.

"Mama, una kalamu hapo?"

Nilimsomea namba ya hoteli mara mbili.

"Nitasema mimi nani? Siku zote ni meza ya Mhandisi."

"Taja jina lako, mama."

"Jina langu," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Mchana Bi Dakika aliniita. Alikuwa ameshasikiliza.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Andika maelezo. Kuthibitishwa kwako kutasubiri miezi mitatu mingine." Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Hivi kweli ile meza inapatikana kwa simu tu?"

"Kwa simu tu."

"Makubwa," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kesho yake, saa saba na robo, simu ya dawati iliita.

"Nimeshakaa," alisema mjane. "Walitaka kuondoa kiti cha pili, nikawaambia wakiache, nimeweka mkoba. Nilipopiga jana yule binti aliniuliza jina, nikakwama kidogo, nikamtajia. Leo nakuta amekosea kuliandika."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nimemsahihisha."