Mkate wa Mavuno wa Bwana Pakuła

Walikuwapo ukumbini mwa zimamoto, kupanga sherehe ya mavuno: Padri Hieronim, Mama Bronisława na wapishi wenzake, na Bwana Pakuła, jana diwani, leo meya, kesho mbunge, Mungu akipenda na wapiga kura wakisahau. Aliomba akabidhiwe mkate wa mavuno mbele ya kamera za televisheni, ili, kwa desturi, aukate na kuwagawia watu. Bila picha hiyo, chama chake huko mji mkuu, Warszawa, kingemsimamisha mwingine kugombea.

“Mwaka jana tulikukabidhi uwagawie watu,” alisema Bronisława. “Ukaubeba mzima garini!”

“Mama, niliwapelekea wakubwa waionje wilaya yetu.”

“Na sisi tukaonja vumbi lako!”

Wapishi waliangua kicheko. Pakuła naye akacheka, kwa mazoea ya kampeni.

Bronisława akasimama. “Tumeamua. Mkate tutaukata wenyewe. Mheshimiwa atapanga foleni.”